Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba ilizua ubishi ulioanza saa tisa alasiri, na mwadhini wa Magharibi alipopaza sauti ulikuwa bado haujaisha. Mahali ni duka moja la simu, Ngamiani, mjini Tanga. Wabishi nimewaita kwa kazi zao. Mpiga Picha hurekodi harusi. Muuzaji ndiye mwenye duka, na ndiye fundi simu pia. Mwalimu alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na siku hizi hupitisha alasiri zake kwenye kiti cha plastiki kando ya kaunta. Mama Mchele ana kibanda sokoni. Siku hiyo alikuja kubadilishiwa kioo cha simu. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kusubiri, na kwa kuwa kichwa changu si kadi, maneno yao nimeyanyoosha pale yalipopinda.

MPIGA PICHA: Bosi, hii memori kadi umeniuzia kwa GB 64. Nimeichomeka kwenye kompyuta, inasoma 59.6. GB nne na ushee ziko wapi?

MUUZAJI: Hazijaenda popote, kaka. Kadi zote ndivyo zilivyo. Mfumo wake wa ndani unakula nafasi.

MPIGA PICHA: Mfumo gani unakula GB nne kwenye kadi tupu? Hata wimbo mmoja sijaweka.

MUUZAJI: Ikishafomatiwa lazima iwe na vitu vyake. Hata ukienda Kariakoo jibu ni hilo hilo.

Na kweli, ndilo jibu linalotolewa kila kaunta. Ukweli wake ni kama wa chumvi kwenye wali: imo, ila siyo iliyojaza sufuria. Mwalimu alikunja gazeti lake. Ninamfahamu, akikunja gazeti, mtu anakwenda kusahihishwa.

MWALIMU: Kijana, usimsingizie mfumo. Kufomati ni kuiwekea kadi daftari la kujua faili gani iko wapi. Kadi yote inagawanywa mafungu, na kila fungu linapewa mstari wake daftarini. Kadi ya SD inayozidi GB 32 hutumia mfumo uitwao exFAT. Kwenye kadi kama hii fungu moja kwa kawaida ni baiti 131,072. Gawa baiti bilioni 64 kwa hizo, unapata mafungu 488,281. Kila mstari wa daftari ni baiti nne. Zidisha.

MUUZAJI: Mwalimu, mimi hesabu uliniacha kidato cha pili.

MWALIMU: Ni kama baiti milioni mbili. Megabaiti mbili! Hata kadi ya GB 32, inayotumia FAT32 na kuweka daftari nakala mbili, haifiki megabaiti nane. Aliyeibiwa gigabaiti nne unamwambia mwizi ni megabaiti mbili. Panya mmoja hamalizi ghala.

MUUZAJI: Basi zimekwenda wapi?

MWALIMU: Itoe kadi kwenye kompyuta, uitie kwenye simu yako hiyo mpya.

Muuzaji akaitoa, akaitia, akafungua mipangilio. Simu ikasema 64. Wakaitazama kama watu walioona kivuli kinatembea peke yake. Kadi ni ile ile, haikufutwa wala kuongezwa kitu.

MPIGA PICHA: Kwa hiyo simu inadanganya au kompyuta?

MWALIMU: Hakuna inayodanganya. Zote mbili zimehesabu baiti zile zile bilioni 64. Simu imegawa kwa bilioni moja kamili, ikapata 64. Kompyuta yako ya Windows imegawa kwa 1,073,741,824, ikapata 59.6. Kisha zote mbili zikaandika herufi zile zile, GB.

Mama Mchele alikuwa kimya muda wote, macho kwenye simu yake iliyofumuliwa juu ya kaunta kama kuku wa sikukuu. Hapo akacheka.

MAMA MCHELE: Hicho ndicho mnachogombania? Sokoni haya yaliisha zamani, wanangu. Bibi yangu aliuza mchele kwa kibaba. Mteja akija anaulizwa kwanza: cha tele au cha mfuto? Cha tele, unamimina mpaka mchele unachongoka kama kichuguu. Cha mfuto, unapitisha kijiti juu ya ukingo, kinachozidi kinarudi kapuni. Kibaba ni hicho kimoja, bei mbili. Hakuna aliyelia, maana aliulizwa kabla ya kulipa.

MWALIMU: Mama, miaka 34 nimefundisha na sikuwahi kulipata hilo.

Nami nilikuwa sijalipata. Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, yote yamejaa vipeo vya mbili na vya kumi, na hakuna lililosema kwa wepisi huo kwamba chombo kimoja kinaweza kuwa na vipimo viwili halali. Gigabaiti ya kiwandani ni ya mfuto. Ya Windows ni ya tele. Bibi yake Mama Mchele alikuwa na maneno mawili. Sisi tumebaki na moja.

MPIGA PICHA: Lakini mama, kwa nini mfuto uwe wangu kila siku? Sijawahi kusikia mtu kanunua kadi ya 64 akakuta 68.

MAMA MCHELE: Anayepima ndiye anayeshika kijiti, mwanangu. Mkulima naye muulize lumbesa. Anakubaliana gunia na mnunuzi, wakifika shambani gunia limeshonewa kofia juu. Ile ni tele iliyokataa kutaja jina lake. Ndiyo maana watu wa Wakala wa Vipimo wanapiga kelele mazao yawekwe kwenye mizani.

MUUZAJI: Sasa mwalimu, nani aliyeanza kuchanganya? Mimi nimo katikati tu. Kiwandani wanaandika 64, Windows inaandika 59, matusi napokea mimi.

MWALIMU: Ilianza kwa urafiki. Kilo ni neno la Wafaransa, la 1795, walipotengeneza vipimo vya mita. Maana yake elfu, wala haikuwa na maana ya pili. Giga na tera zikaidhinishwa na mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960. Giga ni bilioni moja. Kwa Kigiriki ni jitu.

MAMA MCHELE: Jitu kamili?

MWALIMU: Kamili, mama, halikukatwa kidole. Sasa zikaja kompyuta. Ile kumbukumbu ya kazini, RAM, kila chumba chake kinaitwa kwa anwani, na anwani inapita kwenye waya. Waya mmoja una hali mbili, upo umeme au haupo. Waya mmoja, vyumba viwili. Mbili, vinne. Tatu, vinane. Kila waya ukiongezeka, vyumba vinakuwa mara mbili. Waya 10 ni vyumba 1,024. Wahandisi wakaona 1,024 inakaribiana na elfu, wakaazima jina la kilo. Tofauti ni asilimia 2.4. Nani angegombana?

MPIGA PICHA: Mimi.

MWALIMU: Wewe hukuwapo. Ila tofauti ile ilizaliwa ndogo, ikanyonya kila kizazi. Kwenye mega, ambayo ni 1,024 mara 1,024, imefika asilimia 4.9. Kwenye giga 7.4. Kwenye tera karibu 10. Ukinunua kadi ya TB 1, Windows itakuandikia GB 931, na hapo utarudi dukani na kaka zako.

MUUZAJI: Kwa hiyo mkosaji ni Windows! Nimefurahi. Waende wakaidai huko Marekani.

MWALIMU: Nusu ya kosa ni yake. Apple waliona, wakabadilisha mwaka 2009. Kompyuta za Mac zinahesabu gigabaiti kwa bilioni. Android nayo, tangu toleo la 8 la mwaka 2017. Windows imebaki pale pale: inahesabu ya tele na kuandika jina la mfuto. Nao watengenezaji wa diski hawakuanza kuhesabu kwa makumi juzi ili watuibie. Diski ya kwanza ya biashara ya IBM, ile ya mashine ya RAMAC ya 1956, ilitajwa kwa herufi milioni 5. Diski ni sahani inayozunguka. Haina waya za anwani za kuilazimisha 1,024.

Nilidhani ubishi umekwisha. Lakini Mpiga Picha ni mtu anayeishi kwa kutazama kingo za picha, na akauona ukingo uliokatika.

MPIGA PICHA: Mwalimu, umesema diski. Hii siyo diski. Ndani hakuna sahani wala kinachozunguka. Hii ni chipu, jamaa wa RAM. Kama chipu zinatengenezwa kwa mara mbili mara mbili, kwa nini kwenye boksi wachukue hesabu ya diski?

Mwalimu akanyamaza. Kwa upande wangu, hiyo ndiyo hoja bora iliyotolewa siku ile, na maelezo mengi ya mtandaoni huiruka kama dimbwi. Hoja ya sahani inayozunguka haiitetei kadi. Aliyeinusuru ni Muuzaji. Safari hii hakusema kama mfanyabiashara, alisema kama fundi, na hata sauti yake ilibadilika.

MUUZAJI: Hapo nisikilize mimi, maana nimeshazifungua zilizokufa. Ndani kuna vitu viwili. Kuna chipu ya flashi, ile aina ya NAND, na kuna kontrola, yaani ubongo mdogo unaoisimamia.

MWALIMU: NAND ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani. Aliitangaza 1987.

MUUZAJI: Enhe. Sasa ile chipu, mara nyingi, kweli imetengenezwa kwa ile hesabu ya tele, na juu yake kuna ziada. Umepatia, kaka. Lakini chipu ya flashi ni mgonjwa anayetembea. Tangu kiwandani ina vipande vibovu, na vinakubalika, alimradi visizidi kiasi. Halafu fikiria ubao wa darasani ambao huwezi kufuta herufi moja: ukitaka kusahihisha neno, unanakili yanayofaa kwenye ubao mwingine, kisha ule wa kwanza unaufuta wote. Flashi ndivyo inavyofanya. Unaandika kurasa, unafuta kitalu kizima. Na kila kitalu kina idadi ya kufutwa; kikizidisha, kinakufa. Kontrola inahamisha hamisha ili vichakae kwa usawa, na kikifa kimoja inaingiza kingine cha akiba bila wewe kujua. Hiyo akiba inatoka wapi?

MPIGA PICHA: Kwenye GB zangu nne.

MUUZAJI: Kwenye ile asilimia saba iliyo kati ya tele na mfuto. Kiwanda kinakuandikia mfuto, ya juu kinampa kontrola.

MPIGA PICHA: Kwa hiyo nyumba nimelipia, chumba kimoja kimefungwa, na ufunguo anao kontrola.

MUUZAJI: Umelipia spea tairi. Spea tairi haikuongezei kiti kwenye gari, lakini siku ya pancha njiani Hale usiku utaibusu.

MAMA MCHELE: Na kuna chumba kingine?

MUUZAJI: Kipo kidogo, mama. Kadi hizi zinaitwa SD, na S ni ya usalama. Zilipobuniwa 1999 na SanDisk, Matsushita na Toshiba, wenye muziki walikuwa na hofu ya kunakiliwa nyimbo, wakatengewa sehemu ya siri. Karibu hakuna anayeitumia siku hizi. Imebaki tu kama chumba cha mgeni asiyekuja.

Mimi naona jibu la Muuzaji lilikuwa la haki kiufundi, na halikumsafisha mwenye kiwanda. Spea tairi ni jambo jema. Lakini muuza gari hutaja viti kwanza, tairi baadaye, na hakuna mnunuzi anayehesabu tairi kuwa kiti. Mwenye kiwanda alijua vizuri sana kwamba wateja wake wengi wataichomeka kwenye Windows na kukuta pungufu. Alikuwa na nafasi ya kuandika hivyo kwa herufi zinazosomeka. Aliandika kweli, ila…

MPIGA PICHA: Ngoja niwasomee. Hapa nyuma ya boksi. Bosi, washa taa.

Akachukua kamera yake, akaiwekea lenzi ya kupigia pete za maharusi, akalivuta boksi. Hapo ndipo maandishi yakatokea: GB 1 ni sawa na baiti 1,000,000,000, nafasi halisi ya mtumiaji ni pungufu.

MPIGA PICHA: Nimehitaji lenzi ya pete!

MWALIMU: Na maandishi hayo hayakuja kwa hiari. Mwaka 2004, huko California, wateja waliwashtaki watengenezaji wa kadi, Lexar na SanDisk wakiwemo. Malalamiko yao ni haya yako: kadi ya MB 256 inasoma 244. Walipatana nje ya hukumu. Wateja wakapewa punguzo la asilimia 10 wakinunua tena, na kampuni zikakubali kufafanua kwenye boksi. Seagate nao, wa diski, mwaka 2007 walikubali kurudisha asilimia 5 ya bei au kutoa programu ya bure.

MAMA MCHELE: Mtu kakupunja mchele, fidia yake ni kununua tena kwake?

MWALIMU: Ndiyo, mama. Na mwaka 2020 kesi nyingine, ya flashi ya GB 64 ya SanDisk, ilitupwa na mahakama ya shirikisho huko huko California. Mlalamikaji alitaka baiti bilioni 68.7. Mahakama ikasema boksi limeeleza, na sheria za vipimo za Marekani zinahesabu giga kwa bilioni.

MPIGA PICHA: Kwa hiyo kesi yangu imekufa.

MWALIMU: Imekufa na imezikwa. Lakini kuna kitu ambacho hakikufa, kilizaliwa tu kikakosa wa kukilea. Desemba 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilifanya kile alichofanya bibi yake Mama. Lilitoa jina la pili. Ya makumi ibaki gigabaiti. Ya 1,024 iitwe gibibaiti, na fupi yake ni GiB. Kilo na kibi, mega na mebi, giga na gibi.

MAMA MCHELE: Gibi? Si jina la paka hilo?

MUUZAJI: Miaka kumi na minne niko dukani, sijawahi kulisikia.

MWALIMU: Ndilo tatizo. Jina lipo kwenye karatasi za viwango. Ukitumia Linux utaliona. Windows wangeongeza herufi moja tu, i ndogo katikati, na wewe ungesoma GiB 59.6. Ungeuliza hii GiB ni nini, ungejibiwa, ungekwenda zako.

Nilitaka kuingilia na kusema kwamba watu waliowahi kutumia disketi wameona vituko zaidi. Disketi ile ya MB 1.44 ilibeba baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024: mfuto na tele zimekorogwa kwenye chungu kimoja, ikazaliwa megabaiti ya tatu isiyo na baba. Lakini waliobaki wanaokumbuka disketi pale tulikuwa mimi na Mwalimu, na Mama Mchele alikuwa na swali lenye haraka zaidi.

MAMA MCHELE: Yenu nimeelewa. Yangu je? Kadi yangu ya 32 ina picha tu, tena ndogo ndogo, za Ijumaa Mubarak na za maua ya asubuhi. Mwanangu amezijumlisha, hazifiki kadi hata robo tatu. Simu inalia imejaa.

MUUZAJI: Wewe, mama, kweli unaliwa, na anayekula ni mafungu aliyoyasema Mwalimu. Fungu halikai faili mbili. Kadi yako fungu lake huenda ni KB 32. Picha ya KB 40 haitoshi fungu moja, inachukua mawili, KB 64. KB 24 zimelala bure. Ukiwa na picha 10,000 za hivyo, zimelala MB 240.

MAMA MCHELE: Kama kupangisha: mseja na mwenye watoto saba, chumba ni kimoja na kodi moja.

MUUZAJI: Hivyo hivyo. Faili kubwa hazijali, maana zinapoteza fungu la mwisho tu. Harusi ya kaka hapa ni faili nne tano, hapotezi kitu. Wewe na maua yako ndio mnaoumia. Ila mama, na kufuta nako…

MAMA MCHELE: Sifuti. Zingine ni za marehemu dada yangu.

Hapo pakawa kimya kidogo. Muuzaji akarudia kukaza kioo.

Mpiga Picha ndiye aliyefungua tena mazungumzo, na kwa jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya awe mkali tangu mwanzo. Si GB nne. Miezi kadhaa nyuma alinunua kadi ya 128 kwa mtu anayetembeza barabarani, kwa bei ya kutupa. Ilisoma vizuri kila ilipochomekwa. Akarekodi nayo harusi nzima, mchana hadi usiku. Kufungua nyumbani, kuingia kwa bibi harusi hakupo. Faili zipo kwa majina, zikibonyezwa zinatoa weusi.

MUUZAJI: Hiyo haikuwa kadi ya 128. Ndani ilikuwa 8, labda 16. Kontrola imefundishwa kusema uongo. Ukiiuliza ukubwa wako, inajibu ilivyoandikiwa, si ilivyo. Ukivuka nafasi ya kweli, aina moja inapokea unachoandika na kukitupa, nyingine inazunguka kuanza mwanzo na kuandika juu ya vya zamani. Yako ilizunguka, ndiyo maana uliopoteza ni mwanzo wa harusi.

MPIGA PICHA: Nilirudishiwa hela na nani? Mtu mwenyewe alikuwa na begi tu. Bibi harusi mpaka leo hasemi na mimi.

MWALIMU: Huo ndio wizi, mwanangu. Hii ya leo ni jina.

MUUZAJI: Na huwezi kuijua kwa kutazama namba. Namba ni maneno ya kontrola mwenyewe, ni kama kumuuliza mtuhumiwa kama ni yeye. Unaijaza kadi yote, mpaka ukingoni, halafu unasoma tena ulichoandika na kulinganisha. Kuna programu za bure, kwenye Windows H2testw, kwenye Linux F3. Inachukua saa na saa. Mimi mzigo ukija, naziacha zinajaza usiku.

MPIGA PICHA: Na hii yangu?

MUUZAJI: Ilijazwa juzi. Ilipokea zote.

MWALIMU: Tena niwaambie kitu. Kwa kazi yake huyu, mfuto ndio unaomfaa. Kamera yako inarekodi kwa kasi gani?

MPIGA PICHA: Megabiti 100 kwa sekunde.

MWALIMU: Na megabiti hiyo ni ya makumi, milioni kamili. Wapima kasi hawakuazima 1,024. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni MB 12.5 kila sekunde. Baiti bilioni 64 gawa kwa hizo: sekunde 5,120. Dakika 85. Hesabu inalala sawa. Sasa chukua ile 59.6 ya Windows, ufanye hesabu hiyo hiyo. Utapata dakika 79. Utazima kamera mapema, maharusi ndio kwanza wanakata keki.

MPIGA PICHA: Aa! Ndiyo maana huwa inabaki.

MWALIMU: Na kama ungepewa ya tele, hizo baiti bilioni 68.7, ungepata dakika 91 na nusu. Ugomvi wote wa leo, kwako wewe, ni dakika sita.

MAMA MCHELE: Dakika sita ni nyingi. Ukumbini shangazi mmoja tu anazimaliza kwenye hotuba.

Mpiga Picha akaigeuza kadi kwenye vidole. Kisha akaomba aonyeshwe ya 128, ya dukani, iliyojazwa usiku, na akataka aipime mwenyewe bila kompyuta ya mtu. Akaitia kwenye kamera, akawasha. Mwalimu alikuwa ameshaandika pembeni mwa gazeti: bilioni 128, sekunde 10,240, dakika 170. Kioo cha kamera kikaonyesha 167.

MPIGA PICHA: Dakika tatu ziko wapi?

MWALIMU: Sauti! Hukunitajia sauti. Inarekodiwa pembeni, kilobiti 1,536 kwa sekunde, zidisha… inakula mbili na nusu.

MPIGA PICHA: Na nusu iliyobaki?

MUUZAJI: Hiyo nimeila mimi. Lete hela.